Masega ya gari yakifa mara ya pili, tafuta kinachoyaua

Mama mmoja mwalimu aliniletea gari lake likiwa na masega ya tatu, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Ya kwanza yalikuja na gari kutoka kiwandani na yalidumu miaka mingi. Ya pili nilimfungia mimi mwenyewe: nilichomeka mashine ya kusoma makosa ya gari, nikasoma P0420, msimbo unaosema masega hayafanyi kazi ipasavyo, nikatoa yaliyokuwepo, nikafunga mapya, nikafuta msimbo. Taa ya cheki injini ikazimika, akaondoka ameridhika. Baada ya miezi saba taa ikarudi. Akaenda gereji nyingine, akafungiwa mengine kwa utaratibu ule ule. Hayo nayo yakamaliza miezi mitano. Aliporudi kwangu hakuja na ugomvi. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hivi masega mnayonifungia ni mabovu, au gari langu lina ugonjwa?"

Gari lilikuwa na ugonjwa, na mimi niliyelishika mwanzo sikuutafuta. Tangu siku ile sifungi masega mapya kabla sijajua ya zamani yameuawa na nini. Naandika hapa namna ninavyotafuta, ili mwenye gari ajue la kumuuliza fundi wake, na fundi anayeanza kazi asimtie mteja hasara niliyomtia mimi yule mama.

Masega ni nini hasa

Ukipita chini ya gari kufuata bomba la ekzosi kutoka kwenye injini, utakutana na kopo la chuma lililovimba kama sailensa ndogo. Ndani yake kuna tofali la kauri lenye matundu membamba yaliyonyooka, kwa kawaida kama 400 kwenye kila inchi moja ya mraba, na ndiyo maana tunaita masega. Kuta za matundu hayo zimepakwa tabaka lenye platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo hayaliki kwenye kazi. Yanausaidia moshi kubadilika wenyewe: kaboni monoksidi inakuwa kaboni dioksidi, mabaki ya petroli yanakuwa maji na kaboni dioksidi, oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni.

Yakiwa baridi hayafanyi kitu. Yanaanza kuamka kwenye nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi na kazi yao nzuri ni kati ya 400 na 800. Ukivuka 1,000, tabaka lenye madini linaanza kuharibika bila kurudi. Ukisogea zaidi ya 1,400, kauri yenyewe inayeyuka. Shika namba hizo, kwa sababu vifo vingi nitakavyoeleza vinatokana na joto.

Jambo la pili la kushika ni kwamba hakuna sehemu ndani ya masega inayozunguka, inayosuguana wala inayolika. Kwenye injini yenye afya yanaweza kuishi umri wa gari. Kwa hiyo mtu akikuambia "yamechoka tu" kwenye masega ya mwaka mmoja, mwombe aendelee kutafuta.

P0420 haijasema "nunua masega"

Gari lina sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada yake. Ya mbele inaona moshi mbichi, kwa hiyo usomaji wake unacheza. Masega yakiwa mazima yanatunza oksijeni na kuitoa pale inapohitajika, hivyo sensa ya nyuma inakaa imetulia, mara nyingi karibu na volti 0.6 au 0.7. Yakichoka, ya nyuma nayo inaanza kucheza kama ya mbele. Kompyuta inalinganisha hizo mbili, na ikiona zimefanana inaandika P0420. Injini yenye pande mbili za silinda inaandika P0430 kwa upande wa pili.

Kompyuta haijaona masega. Imeona usomaji wa sensa tu. Bomba linalovuja karibu na sensa linaweza kuleta msimbo huo huo, na sensa iliyozeeka vilevile. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote nawasha injini ikiwa baridi, naziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na nasikiliza chini. Pakivuja utasikia tsss, na ukimulika tochi utaona masizi meusi yametapakaa kwenye gasketi au kwenye ufa. Uvujaji kabla ya masega ni mbaya mara mbili. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba hunyonya hewa ya nje. Sensa ya mbele ikiona hewa hiyo inadhani petroli imepungua, kompyuta inaongeza petroli, na petroli hiyo ya ziada inakwenda kuungulia ndani ya masega. Gasketi ndogo ya manifodi, lile bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, inaweza kuua kitu cha bei kubwa namna hiyo.

Usitupe ya zamani kabla hujayasoma

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo nakaa muda mrefu siku hizi. Masega yaliyokufa yana ushahidi. Ukiyatupa umeutupa.

Toa sensa ya mbele, ingiza kamera ndogo ya waya kwenye tundu lake, tazama uso wa tofali. Kama masega yameshashuka, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili: mazima yanapitisha mwanga kama chujio la chai. Usikimbilie kuyapasua kwa grainda. Mkeka unaoshikilia kauri ni wa nyuzi ambazo vumbi lake ni baya sana kwa mapafu, na ukipasua unapoteza madini ambayo ni mali ya mwenye gari. Kwako mwenye gari nasema wazi: masega ya zamani ni yako. Yana thamani hata yakiwa yamekufa. Usiyaache gereji kwa kutojua.

Ukitazama uso wa tofali, kuna sura chache utakazokutana nazo.

Kauri imeyeyuka, imelegea kama mshumaa, matundu yameungana kuwa donge linalong'aa. Huyo ameuawa na petroli iliyoungulia ndani yake. Nenda moja kwa moja kwenye injini inayomisi, yaani silinda yake inashindwa kuwasha petroli, au inayomwaga petroli kupita kiasi.

Uso umejaa masizi meusi makavu lakini kauri ni nzima. Petroli inazidi, ila haijafikia kuyeyusha. Mara nyingine masega haya yanaokoka ukitibu injini mapema, na safari ndefu ya mwendo wa kati ikayachoma masizi.

Uso una ukoko wa majivu, mweupe unaoelekea kijivu au kahawia, umeganda hasa sentimita mbili tatu za mwanzo, na kauri chini yake haijayeyuka. Hiyo ni oili. Oili ya injini ina fosforasi, zinki na kalisi. Oili yenyewe inaungua, lakini vitu hivyo haviungui, vinabaki na kufunika tabaka la madini kama rangi ilivyofunika ukuta.

Ukoko mweupe laini, na ncha ya sensa nayo imekuwa nyeupe. Shuku kulanti (maji ya kupozea injini) inayoingia kwenye silinda, au silikoni ya kuzibia isiyofaa iliyotumika kwenye injini.

Tofali limevunjika vipande, ukitikisa kopo linacheza kama njuga, lakini halijayeyuka wala halina ukoko. Huyo kapigwa, au kashtuliwa na maji baridi akiwa wa moto, au anatikiswa na injini ambayo mauntini zake, vile vishikizo vya mpira vya injini, zimekufa.

Na sura ya mwisho: uso ni safi kabisa, matundu wazi, hakuna kosa, lakini hayafanyi kazi. Basi uchunguze ubora wa masega yenyewe. Nitarudi huko.

Yale ya yule mama nilipoyamulika yalikuwa na ukoko wa majivu ya rangi ya kahawia iliyofifia. Nilikwangua kwa ncha ya bisibisi, ikadondoka unga mkavu, na chini yake kauri ilikuwa imenyooka vizuri. Haikuwa petroli. Ilikuwa oili. Nikamuuliza:

"Mama, oili unaongeza?"

"Kidogo tu mwanangu. Gari limezeeka."

"Kidogo kiasi gani?"

Akafikiri. "Lile kopo la lita moja, nikinunua linanimaliza kama wiki mbili."

Swali hilo ningelimuuliza siku ya kwanza tungekuwa tumemaliza.

Oili, muuaji asiyeonekana

Naanza na oili kwa sababu ndiyo inayorudisha watu gereji mara ya pili na ya tatu. Kumisi kunajitangaza: gari linatetemeka, taa inamulika. Oili inaua kimya. Na kuna mtego ambao watu wengi hawaujui: masega mapya yanaficha moshi wa oili. Mvuke wa oili ukipita kwenye masega ya moto unaungua, kwa hiyo nyuma ya gari huoni moshi wa bluu. Mwenye gari anaapa injini haili oili kwa kuwa haoni moshi. Moshi unaanza kuonekana masega yakishakufa.

Usibishane na mtu, pima. Egesha gari mahali tambarare, subiri dakika kumi oili ishuke, jaza mpaka alama ya juu ya kijiti, andika kilomita. Tembea kilomita 1,000 kwa matumizi ya kawaida. Rudi pale pale, pima kwa namna ile ile, na ujaze kwa chombo chenye vipimo ili ujue mililita ngapi zimepungua. Wapo watengenezaji wanaoandika kwenye vitabu vyao kwamba hata lita moja kwa kilomita 1,000 inakubalika. Kwa injini labda. Kwa masega hiyo ni hukumu. Mimi zikizidi mililita 300 natafuta zinakokwenda kabla sijafunga masega.

Gari la mama lilikula lita 1.2.

Kuna njia tatu kuu za oili kufika kwenye ekzosi, bila kuhesabu turbo kwa magari yenye turbo. Naanza na ya bei rahisi: valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Ikikwama wazi, injini inanyonya oili kama mtu anayekunywa kwa mrija. Itoe, itikise, nyingi zinatakiwa kugonga ndani. Tazama bomba lake na koo la hewa (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) kama limelowa oili. Ile ya mama ilikuwa imekwama kweli. Nikabadilisha, nikamwambia atembee kilomita 1,000 nyingine. Ilishuka mpaka lita 0.9. Ilikuwa nafuu, haikuwa dawa.

Njia ya pili ni ringi za pistoni. Pima mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetoka, koo la hewa limefunguliwa. Injini nyingi za petroli zinasoma kati ya bar 10 na 14, lakini kinachonisumbua zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ukikuta moja iko chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi zinavuja. Ila ujue kwamba ringi za kukwangua oili zinaweza kuganda kwa masizi huku zile za mgandamizo zikiwa nzima, hivyo usomaji mzuri haujathibitisha kuwa ringi zote ni nzima. Gari la mama lilisoma 12.5, 12.4, 12.1 na 12.6. Safi.

Njia ya tatu ni sili za vali, vile vikofia vidogo vya mpira vinavyozuia oili ya juu isiteremke kwenye mguu wa vali. Dalili yake ni wakati. Ringi hutoa moshi ukikanyaga mafuta. Sili hutoa moshi asubuhi ukiwasha gari lililolala, au ukikanyaga baada ya kukaa kwenye foleni, au baada ya mteremko mrefu umeachia pedali. Na plagi zinasema pia. Nilizipanga plagi nne za mama kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda. Ya tatu ilikuwa na ukoko upande mmoja tu wa ncha, upande unaotazama vali ya kuingizia, na upande wa pili ulikuwa wa kawaida. Oili ilikuwa inatiririka kutoka juu ya vali na kuugusa upande ule ule kila siku.

Nilibadilisha sili zote kumi na sita bila kushusha hedi, yaani kichwa cha injini kinachobeba vali. Unaingiza kamba laini, safi, isiyochakaa nyuzi, kupitia tundu la plagi, unapandisha pistoni taratibu kwa mkono mpaka kamba ibane vali zisidondoke, ndipo unabana springi na kutoa sili. Zile za zamani zilikuwa ngumu kama plastiki. Nilipobana moja kwa koleo ilipasuka mikononi. Mpya unaibonyeza na inarudi. Kilomita 1,000 zilizofuata, gari lilikula mililita 80.

Oili yenyewe nayo ichague kwa kitabu cha gari. Kwa injini za petroli, viwango vya kisasa kama API SP kwenye oili nyepesi za 0W-20 au 5W-30 vimewekea fosforasi kikomo cha asilimia 0.08, kwa ajili ya kuyalinda masega. Oili nzito ya injini za dizeli kuimwaga kwenye gari la petroli "kwa sababu inakaa" ni kuongeza sumu.

Injini inayomisi

Silinda ikimisi, petroli na hewa vinapita bila kuwaka na kwenda kukutana na masega ya moto. Vinawaka humo. Dakika chache za safari ya kasi zinatosha kuyeyusha tofali. Taa ya cheki injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kupanga kwenda kwa fundi. Ikimulika, yaani inawaka na kuzima wakati injini inatetemeka, kompyuta inakuambia masega yanaungua sasa hivi. Punguza mwendo, simama panapofaa, zima. Watu wanaendesha hivyo mpaka nyumbani kwa kuwa "gari bado linakwenda". Linakwenda, na masega yanakwenda pia.

Misimbo ni P0300 kwa kumisi kusikokaa mahali pamoja, na P0301, P0302 na kuendelea kwa silinda husika. Hamisha koili (inayoipa plagi moto) ya silinda inayolalamika uipeleke kwa jirani yake. Kosa likihama na koili, umempata. Lisipohama, hamisha plagi, kisha fikiria nozeli (inayopuliza petroli), mgandamizo na hewa inayovuja kwenye manifodi.

Kuna mazoea mawili ya gereji yanayoua masega na naomba yaachwe. La kwanza ni kuchomoa koili moja moja injini ikiunguruma ili kusikia silinda ipi haifanyi kazi. Ukichomoa koili, nozeli inaendelea kumwaga petroli. Chomoa plagi ya umeme ya nozeli badala yake. Utapata jibu lile lile bila petroli kwenda kwenye ekzosi. La pili ni kusukuma gari, au kulizungusha stata muda mrefu, wakati halina moto wa plagi. Kila mzunguko unapeleka petroli mbichi, na siku litakapowaka, yote yanaungulia pamoja.

Petroli inayozidi bila kumisi

Hii ni ya polepole. Kwenye mashine tazama marekebisho ya petroli ya muda mrefu, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Kati ya hasi 5 na chanya 5 kwa asilimia ni vizuri sana. Mpaka 10 navumilia. Ukikuta hasi 15 au 20, kompyuta inapunguza petroli kwa nguvu zote na bado inazidi. Angalia nozeli inayodondosha, presha ya petroli, na kwenye magari yenye regyuleta ya mpira (kidhibiti cha presha ya petroli) uvute bomba lake la vakyumu: ukikuta petroli humo, mpira wake umepasuka. Angalia pia sensa ya kupima hewa kama ni chafu.

Usisahau themostati, vali inayodhibiti joto la injini, iliyokwama wazi. Injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kulisha petroli ya injini baridi, na mwenye gari anafurahi kuwa gari lake "halichemki". Sindano ya joto ikikaa chini safari nzima, au msimbo P0128 ukitokea, badilisha themostati. Mtu aliyeitoa kabisa ili gari lisichemke amehamisha tatizo kutoka kwenye rejeta kwenda kwenye masega. Na gari la safari za dakika tano tano kila siku linaumia kwa namna hiyo hiyo hata likiwa zima, kwa sababu masega hayapati nafasi ya kuamka. Lipe safari ya nusu saa barabara iliyonyooka angalau mara moja kwa wiki.

Sensa ya oksijeni ya mbele ikizeeka inachelewa kujibu, na kompyuta inafuata uongo wake. Masega yakishakufa na sensa ni ya miaka mingi, mimi nashauri ibadilishwe pamoja na masega.

Kulanti, silikoni na vinavyotiwa tangi

Kulanti inayopungua bila kudondoka popote inaingia kwenye silinda. Kuna kifaa cha kupimia chenye maji ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta injini ikiwaka; maji yakigeuka manjano, moshi wa injini unaingia kwenye maji na hedi gasketi imekwisha. Kufunga masega kabla ya hedi gasketi ni kutupa pesa.

Silikoni ya kuzibia isiyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa inatoa mvuke unaopaka sensa na masega. Soma tyubu kabla ya kupaka. Dawa za kutia tangi zenye madini ya chuma au manganizi zinaacha majivu yanayoziba matundu. Na risasi, sumu kongwe kuliko zote: Marekani ilipoanza kufunga masega kwenye magari ya mwaka 1975, ilibidi petroli isiyo na risasi iwepo kwenye vituo kwanza, kwa kuwa risasi huyamaliza masega haraka. Algeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, Julai 2021, kwa hiyo kwenye petroli ya kituoni si tatizo tena.

Kupima kama yameziba

Gari limekosa nguvu, linapanda mlima kwa shida, ekzosi inapuliza kama imebanwa. Toa sensa ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake. Injini ikiunguruma bila mzigo, presha isizidi kama psi 1.5. Ipandishe mpaka mizunguko 2,500 na uishikilie: ikivuka psi 3, kuna kizuizi. Kipimajoto cha mwale ambacho wengi wanakiamini sana mimi nakitumia kama dokezo tu, kwa sababu kwenye injini safi ya kisasa tofauti ya joto kati ya kuingia na kutoka inaweza kuwa ndogo hata masega yakiwa mazima.

Wapo watakaokushauri uyatoboe yabaki kopo tupu. Sifanyi kazi hiyo. Kaboni monoksidi inaua, na moshi huo unavutwa na mtoto aliyebebwa mgongoni pembeni ya barabara. Nchi nyingi pia zimekataza kisheria, na injini inayokula oili itabaki inakula oili.

Siku ya kufunga mapya

Kama ya zamani yalivunjika, vipande viko kwenye bomba na sailensa. Shusha bomba lote, ligonge, lipulizie upepo. Nimeshaona masega mapya yaliyofungwa nyuma ya yale ya kwanza yakizibwa na makombo ya mwenzake ndani ya mwezi. Kwenye injini ambazo masega yamekaa kwenye manifodi yenyewe, karibu kabisa na silinda, vumbi la kauri linaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda na kukwangua kuta zake, kwa hiyo hapo pima mgandamizo kabla hujatumia pesa.

Tumia gasketi mpya, na usipake gundi ya ekzosi upande wa kabla ya masega, kwa sababu ikikauka inamomonyoka na kwenda kukaa usoni mwa tofali. Fuata mshale uliochorwa kwenye kopo. Mipira ya kuning'inizia ekzosi iliyolegea badilisha yote, na injini ikitikisika kupita kiasi tazama mauntini, kwa sababu masega yaliyobeba uzito wa bomba hupasuka kwenye weldi au ndani.

Kuhusu ubora: masega ya bei ya chini sana huwa na madini kidogo. Yanaweza kuzima taa kwa miezi michache kisha yakaishiwa nguvu bila kosa la injini. Nunua yaliyotajwa kwa namba ya injini yako na kiwango cha moshi cha gari lako. Yasiyo na namba yoyote iliyogongwa kwenye chuma siyafungi.

Ukishafunga, futa misimbo, andika marekebisho ya petroli na volti ya sensa ya nyuma injini ikiwa ya moto. Rudia baada ya kilomita 1,000. Namba hizo mbili za mwanzo zitakusaidia sana siku ukitilia shaka.

Yule mama nilimfungia masega ya nne baada ya sili za vali, na nilimtoza bei ya spea tu. Nikamwomba kitu kimoja: kila akiongeza oili aandike. Mwalimu ni mwalimu. Anaweka daftari dogo la mistari kwenye droo ya gari, limepigwa rula safu tatu: tarehe, kilomita, mililita. Alipokuja kubadilisha oili, miezi kumi na moja baadaye, sensa ya nyuma ilikuwa imekaa kwenye volti 0.68. Nikafungua daftari. Ukurasa mzima ulikuwa na mistari minne tu iliyoandikwa, na mkubwa kuliko yote ulisema mililita 100.